Macharia Angali Hai

Ukifiwa ukiwa Etobicoke, hapa Toronto, na wewe ni Mkenya, kuna watu watatu wa kupigiwa simu kabla hata hujamaliza kulia: mchungaji, mweka hazina wa michango, na Chelagat. Mchungaji ataleta maombi, mweka hazina ataleta usumbufu, na Chelagat ataleta wasifu wa marehemu. Humwambii mengi. Unampa mwaka wa kuzaliwa, majina ya wazazi, shule, kazi na idadi ya watoto, naye anakurudishia kurasa mbili ambazo hata aliyemchukia marehemu akizisoma atatafuta leso. Alizaliwa akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto tisa. Alijiunga na shule ya msingi ya mahali fulani. Alifunga ndoa takatifu. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mcha Mungu na mpenda watu. Atakumbukwa na wengi. Kuna wazee waliozikwa Nakuru na Nyahururu ambao Chelagat hakuwahi kuwatia machoni, lakini wasifu wake uliposomwa katika ukumbi wa chini wa jengo anamoishi huku Etobicoke, watu waliwalilia kana kwamba walikula nao jana.

Kazi yenyewe ya kumlipa mshahara ilikuwa nyingine. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha, na kuambiwa na kila mmoja wao kwamba jina lake ni gumu. Alikuwa na miaka arobaini na ushee na alitaka kuwa muuguzi. Chuo kilimwambia masomo yake ya Kenya yanatosha, hesabu sawa, baiolojia sawa, ila Kiingereza lazima akisome upya, kile cha darasa la kumi na mbili, na apate asilimia sabini. Sitini na tisa haikutakiwa. "Nisipopata sabini," alimwambia mumewe, "nitaogesha watu mpaka siku mimi mwenyewe nitakapoogeshwa." Macharia, mumewe, alisema, "Utapata," akaendelea kula.

Macharia alikuwa hivyo siku hizo. Kule Nakuru alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa sauti, wa kusimamisha gwaride zima kwa kukohoa tu. Hapa alifanya kazi katika ghala la vyakula, akipakia na kupakua, na maneno yake yalikuwa yamepungua mwaka hadi mwaka. Yeye Mkikuyu, mkewe Mkipsigis, kwa hiyo nyumbani walizungumza Kiswahili tangu walipooana. Binti yao Nyokabi, mwenye miaka kumi na sita, alikisikia chote na kukijibu chote kwa Kiingereza.

Chelagat alijiandikisha katika shule ya watu wazima upande wa Mount Dennis, Jumanne na Alhamisi jioni. Alidhani Kiingereza hicho kitakuwa cha barua na nafsi za vitenzi. Kumbe ni fasihi. Siku ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni istilahi zake: utanzu, mandhari, toni, taswira, sitiari, tashbihi, na Chelagat akatabasamu peke yake kwenye kiti. Hizo alizijua. Alizisoma Kericho kwa Kiswahili, kwa kiboko, na mpaka leo angeweza kuzitaja amelala. Walipopewa shairi la kuchambua, alifanya alivyofundishwa: akaorodhesha mbinu sita za lugha, kila moja na mfano wake, zote zimepigiwa mstari kwa rula. Karatasi ilirudi na hamsini na kitu, na swali moja la kalamu ya kijani: Sawa, ziko, lakini zinafanya nini?

"Zinafanya nini!" alifoka ndani ya lifti, akimwambia Nyokabi aliyekuwa ametumwa maziwa. "Zinapamba lugha! Mbinu za lugha kazi yake nini nyingine?" Nyokabi alimjibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kwamba hata yeye huulizwa hivyo hivyo, na kwamba hakuna mtu anayejua jibu.

Lakini Chelagat hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa sababu ya kalamu ya kijani. Walipofika kwenye mikondo ya fasihi, ile inayochanganya watu vichwa, alijitafutia njia. Kila mkondo aliupa mtu wa kanisani. Urasimi, mwalimu alisema, ni sanaa ya kanuni, kila kitu mahali pake. Chelagat akamwona yule mzee wa kanisa anayepima maombi ya wenzake kwa saa ya mkononi. Ulimbwende ni hisia kutangulia, moyo na milima na machozi. Huyo alikuwa kiongozi wa kwaya, ambaye hulia hata wakati wa matangazo. Uhalisia ni watu jinsi walivyo, na vyombo vichafu kwenye sinki. Huyo alikuwa mama anayesimamia jikoni, anayejua nani ameondoka na mapaja ya kuku kwenye mkoba. Na usasa, ambao hukata mambo vipande, ukaanzia katikati na kumwacha msomaji ajijazie, hizo zilikuwa meseji za Nyokabi. Katika jaribio la mikondo alipata themanini, na mimi nasema alistahili zaidi.

Ndipo ikaja kazi kubwa, yenye kubeba karibu nusu ya alama zote. Andika wasifu mfupi wa mtu wa kawaida unayemjua, aliye hai, uusimulie kama hadithi, kwa mkondo wa uhalisia. Chelagat alicheka kwa sauti darasani. Hiyo ilikuwa kama kumwambia mtu wa Kericho alete majani chai. Alimchagua Macharia kwa sababu habari zake alikuwa nazo zote na hakuhitaji kumpigia mtu simu, akaandika ndani ya basi, kutoka kituo cha kupandia hadi cha kushukia, bila kufuta neno. Macharia alizaliwa Bahati, Nakuru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kamande na Nyokabi mkubwa, ambaye mjukuu alipewa jina lake. Alisoma hapa, akafuzu pale, akaajiriwa na serikali. Alifunga ndoa takatifu na Chelagat, wakajaliwa binti mmoja. Alikuwa mume mwenye upendo, baba wa kutegemewa, mchapakazi, mcheshi na mcha Mungu. Atakumbukwa na wengi kwa ukarimu wake.

Rasimu zilisomwa wawili wawili. Mwenzake alikuwa Sabreen, mwanamke wa Kisauni, Mombasa, aliyekuwa akisoma ili aajiriwe katika maabara ya meno. Sabreen alianza kusoma vizuri tu. Alipofika kwenye mtoto wa tatu wa Mzee Kamande uso ulibadilika. Alipofika kwenye ndoa takatifu alitoa kitambaa. Chelagat, ambaye amezoea kuliza watu, aliona ni kawaida, na moyoni akafurahi kidogo.

"Dadangu," Sabreen alisema, akamshika mkono. "Na bado waja darasani?"

"Nitafanyaje? Si lazima nije."

"Mungu akuzidishie nguvu. Wewe una moyo."

Hakuuliza zaidi, maana kwao mtu hahojiwi juu ya msiba wake. Chelagat naye hakuona la kuuliza. Alijua ana moyo.

Jumanne iliyofuata Macharia alimleta kwa gari kama kawaida. Alipoufungua mlango wa darasa alikuta wenzake wote wamesimama. Mezani palikuwa na maua meupe, kadi kubwa, na sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kitambaa, na nyuma ya sufuria alikuwa Sabreen, macho mekundu. Mwalimu Bianca alimjia taratibu. Bianca mwenyewe alizaliwa hapa Toronto, lakini wazazi wake walikuwa Wagoa wa Nairobi, Wahindi Wakatoliki waliohama na Kiswahili chao cha Eastleigh, na kidogo alichokipata kwao alikitoa sasa chote.

"Pole, mama," alisema. "Pole sana-sana."

Anayeishi mbali na kwao ataelewa kilichompata Chelagat. Kuna habari moja ambayo kila mmoja wetu anaingojea bila kuitaja, na daima tunadhani itatufikia kwa simu.

"Ni nani?" aliuliza. "Ni mamangu? Niambieni tu. Ni mama?"

Watu walitazamana. Sabreen akasema kwa sauti ndogo, "Ni mumeo, dadangu."

"Macharia? Macharia amenishusha hapo nje sasa hivi!" Kisha akili ikamkimbia mbele: barabara, lori, taa nyekundu. "Amegongwa? Amegongwa saa ngapi?" Akaanza kulia, na hicho hakikuwa kilio cha ukumbi wa chini. Mwili wake wote ulikuwa umekwisha kuamini.

Na hapo mlango ukagongwa, akaingia Macharia na simu ya mkewe mkononi. Aliisahau kwenye gari.

Macharia alitazama maua, akatazama kadi, akamtazama mkewe anayelia na kumkodolea macho. Rasimu ilikuwa mezani. Akaichukua, akaisoma yote amesimama, kama alivyokuwa akisoma barua za wazazi waliokuja kulalamika. Akaiweka chini. Halafu akawageukia wanafunzi, akajinyoosha, na kwa ile sauti ya gwaride ya Nakuru, kwa Kiingereza safi, akawashukuru wote kwa kufika na kusimama na familia katika wakati huu mgumu.

Darasa lilivunjika mbavu. Sabreen alicheka mpaka akakaa chini, akiomba msamaha na kumlaumu Chelagat kwa pumzi moja. "Ni wewe ulivyoandika! Nikajua kafa baada ya sisi kupewa kazi! Mtu yeyote wa kwetu akisikia alizaliwa akiwa mtoto wa tatu, tayari ashajua pa kuelekea!" Chelagat alicheka na kulia pamoja, na kilichobaki moyoni mwake baada ya aibu kupita kilikuwa mshangao. Mzaha wa Macharia! Hakukumbuka ni lini aliusikia wa mwisho.

Njiani kurudi, sufuria ya pilau ikiwa miguuni pake, Chelagat alingoja mumewe aongeze mzaha mwingine. Macharia aliendesha kimya hadi karibu na nyumbani.

"Yule mtu wako alikuwa mtu mzuri sana," alisema mwishowe. "Ningependa kukutana naye."

"Baba Nyokabi, si wewe?"

"Ati mcheshi," alisema.

Alhamisi Mwalimu Bianca alimbakisha dakika chache. Chelagat hakuwahi kuweza kumwita jina tupu kama wanavyofanya wengine. Aliona ni utovu wa adabu, hata kama mwalimu angeweza kuwa mdogo wake. Bianca alimwambia kwamba alichoandika ni kizuri, tena kizuri kweli, lakini ni utanzu mwingine. Ni wasifu wa maziko. Kila utanzu, alisema, humwahidi msomaji jambo tangu mstari wa kwanza, na huu humwahidi mambo mawili: kwamba mtu amekufa, na kwamba hakuna atakachoambiwa kumhusu isipokuwa sifa. "Najua alizaliwa wapi," alisema. "Sijui anakulaje. Sijui akiingia nyumbani anafanya nini kwanza." Kama kazi hiyo ingesahihishwa ilivyo, haingefika hata sitini. Alimpa wiki mbili aandike upya. Amtazame mumewe kama mtu asiyemjua, aandike anachokiona, na asimsifu wala kumshtaki. Na kwa kuwa anaandika habari za mtu aliye hai, kabla ya kuileta, mwenyewe aisome na akubali.

Chelagat alitoka shingo upande. Tangu lini mtu akamtazama mumewe kama asiyemjua? Lakini sabini ilikuwa sabini, akaanza kutazama.

Aliona mambo. Aliona kwamba Macharia humenya machungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, na kwamba likikatika hukasirika. Aliona kwamba hupiga pasi hata fulana ya kuvaa ghalani, chini ya jaketi, mahali ambapo haitaonwa na mtu. Aliona kwamba chai anayoikuta jikoni alfajiri, kila siku, kwenye chupa, na ambayo kwa miaka alikuwa akiinywa bila kufikiri, haijipiki. Jioni Macharia aliingia nyumba imetulia, akasema "Hamjambo," akala, akaosha sahani yake mwenyewe, akaketi mbele ya taarifa ya habari. Yote hayo Chelagat aliyaandika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliandika polepole, akifuta.

Halafu aliona lile la gari. Alikuwa ametoka kuanua nguo kwenye kibaraza chao cha ghorofa ya tisa, akaliona gari lao likiingia kwenye maegesho. Taa zikazimika. Akangoja mlango ufunguke, haukufunguka. Alikunja nguo zote, akaingia, akamsikiliza Nyokabi akisimulia ya shuleni huku anakata sukuma wiki, akatoka tena, na gari lilikuwa pale pale na mtu ndani yake. Kesho yake ikawa vile vile. Na kesho kutwa.

Alifikiri lile la kwanza ambalo hata wewe ungelifikiri: simu, mwanamke. Akabeba kapu la nguo safi, akashuka nalo kana kwamba anakwenda kwenye chumba cha kufulia, akapita kwa mbali nyuma ya magari. Hakukuwa na simu. Redio haikuwaka. Macharia alikuwa ameketi mikono juu ya usukani, akitazama ukuta wa zege. Chelagat alirudi juu na kapu lake, na hofu aliyoipata ilizidi ile ya mwanamke, maana kama ni mwanamke, Chelagat angejua pa kuanzia kugombana naye.

Aliliandika? Alikaa nalo siku mbili. Katika wasifu wote aliowahi kuandika, mambo ya namna hiyo hayaingii. Mlevi huandikwa kwamba alipenda kujumuika na watu. Mkali huandikwa kwamba alikuwa mtu wa msimamo. Ndiyo adabu yenyewe ya kazi ile. Kumwandika mumewe ameketi gizani kwenye gari, asitake kupanda kwake, na kumpa mwalimu asome, aliona ni kumvua nguo hadharani. Lakini kila alipoliondoa, aliyebaki kwenye karatasi alikuwa tena yule mcheshi mcha Mungu wa kuzikwa Jumamosi. Akapiga moyo konde, akalirudisha, akaandika sababu aliyojipa yeye mwenyewe: kwamba kazi ya ghala imemchosha mpaka hana nguvu za kupanda nyumbani.

Jumapili baada ya chakula alimwekea Macharia karatasi mbele yake. "Mwalimu amesema lazima usome," alisema. "Ukikuta pa kukataa, nitapatoa."

"Nimekufa tena?"

"Soma tu, Baba Nyokabi."

Macharia aliomba penseli. Naibu mwalimu mkuu hawezi kusoma bila penseli. Chelagat alijifanya kupangusa jiko, masikio yote mezani, akimsikia akiweka mkato hapa, akifuta herufi pale. Kwenye machungwa alicheka kidogo kwa pua. Kwenye chai alirudi nyuma, akasoma tena. Kisha akageuza ukurasa, na penseli ikasimama.

"Hapa umekosea," alisema.

"Wapi?"

"Hapa pa gari."

Chelagat aliacha kitambaa. "Kwani hukai kwenye gari? Nimekuona. Nimeshuka mpaka chini nikakuona."

"Nakaa. Lakini si uchovu." Aliizungusha penseli mezani. "Umeandika vile inaonekana ukiwa huko juu kwa kibaraza. Mimi niko chini."

"Basi niambie ya chini."

Chumbani Nyokabi alikuwa akizungumza na mtu kwenye simu. Sauti ilikuja kupitia mlango.

"Nikitoka kwa lifti huwa nawasikia," Macharia alisema. "Wewe na Nyokabi. Anakuambia sijui mwalimu gani amefanya nini, mnacheka hadi koridoni inasikika. Mnacheka vizuri sana. Halafu nikitia ufunguo, mnanyamaza. Yaani kwa ufunguo tu, hata sijaingia. Mwanzoni nilikuwa nasimama hapo nje ya mlango mmalize kwanza. Siku moja yule mama wa upande wa pili akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Ndio nikaona aibu, nikahamia kwa gari. Si kitu kibaya. Nilisema niwaache mcheke kidogo."

Chelagat alifungua mdomo. Yeye aliyepata maneno kwa kila mfu wa Etobicoke, na kwa wafu wa Nakuru asiowajua, hakupata hata moja. Alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Tunanyamaza upumzike," alisema. "Mimi ndio nilimwambia. Nilimwambia baba yako anatoka kazini amechoka, ukisikia ufunguo punguza kelele. Alikuwa darasa la nne, Macharia. Nilisahau hata kama nilimwambia."

"Amechoka nani?"

"Wewe."

"Mimi nimechoka na kunyamaziwa," alisema Macharia, na akaangalia pembeni kama mtu aliyesema zaidi ya alivyopanga.

Chelagat aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumlaumu. Alinyoosha mkono akaichukua penseli. Alifuta sababu yake ya uchovu, yote, akaandika mahali pake maneno ya Macharia kama alivyoyasema, na chini yake maneno yake mwenyewe aliyomwambia Nyokabi miaka ile. Kisha akamsogezea karatasi. "Unakubali?" Macharia alisoma. Akaongeza mkato mmoja, akasema anakubali.

Kazi ile aliipeleka, na alama zilipotoka zilikuwa zimevuka sabini kwa nafasi ya kutosha, na kwa kalamu ya kijani hapakuwa na swali mara hii, bali mstari mrefu pambizoni mwa ukurasa, kando ya maneno ya Macharia. Mwaka uliofuata Chelagat aliingia chuo cha uuguzi, na Sabreen akampelekea pilau nyingine, ya furaha. Wasifu wa marehemu anauandika mpaka leo, tena vile vile, kwa sababu waliofiwa hawataki uhalisia.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu jioni, siku moja tu baada ya mazungumzo yale, Nyokabi alikuwa ameegemea friji akisimulia kisa cha mwalimu wao wa kemia, aliyejifungia mwenyewe ndani ya stoo na kuwapa wanafunzi maagizo kupitia tundu la kitasa. Alikuwa akimwigiza, mkono mdomoni, na Chelagat akicheka hadi kisu amekiweka chini. Ufunguo ukaingia mlangoni. Nyokabi akakata katikati ya neno, akashusha mkono, akajiweka sawa. Macharia akafungua, akasimama pale na koti lake, akawatazama.

"Mbona umeacha?" Chelagat alimuuliza binti yake. "Anza tena mwanzo. Baba yako hajasikia."

Nyokabi alimtazama mama, akamtazama baba, asielewe. Kisha akaanza upya, kwa Kiingereza, kwanza kwa wasiwasi, na Macharia akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama na koti mwilini mpaka kisa kikaisha.